EIJI SAWAMURA: KIJANA ALIYEWATETEMESHA MAJABALI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgala muue na haki yake umpe. Nimeanza na methali hii kwa sababu mtu nitakayewasimulia habari zake alishindwa katika mechi ile ile iliyompa sifa kubwa kuliko zote. Hata hivyo, jina lake halijafutika, ingawa ni zaidi ya miaka 80 tangu aiage dunia. Mtu huyo ni Eiji Sawamura, Mjapani, mchezaji wa besiboli.

Wanafunzi wenzangu na walimu wangu wapendwa, najua wengi wenu mtajiuliza imekuwaje mvulana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, ambaye hajawahi hata kuushika mpira wa besiboli, akaamua kuandika habari za Mjapani. Acha niseme ukweli wote. Muhula wa kwanza mwaka huu timu moja ya kandanda ya mtaani iliniita nikawe mlinda lango wao. Mazoezi yao ni asubuhi, siku za juma, wakati sisi tuko darasani. Wakati huo nilikuwa nyumbani kwa ajili ya karo, wiki ya pili hiyo. Nikapiga hesabu zangu, nikamwambia mama kuwa naacha shule nicheze mpira.

Mama yangu huuza mboga sokoni. Nilitarajia anigombeze, lakini wapi! Aliendelea kufunga mafungu yake ya sukuma wiki, kisha akaniomba nimtajie mtu mmoja tu aliyeacha shule kwa ajili ya mchezo na mwisho wake ukawa mwema. Nikaiona kazi hiyo rahisi kama kumsukuma mlevi. Nilikwenda maktabani nikasoma habari za wanamichezo wa kila aina. Ndipo nilipokutana na Sawamura, na nilipoanza kusoma habari zake moyo ulinidunda kwa furaha. Nilidhani nimempata shahidi wangu.

Kwanza niwaeleze wasioujua mchezo wenyewe. Besiboli ni binamu wa raunda, ule mchezo ambao dada zetu huucheza uwanjani. Mrushaji husimama katikati na kumrushia mpigaji mpira. Mpigaji ana rungu la mbao. Akikosa mipira mizuri mitatu, huyo ametoka. Akiupiga vyema, hukimbia akizunguka vituo vinne, na akirudi nyumbani salama upande wake hupata bao. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, hapo huzunguka kwa maringo, hakuna wa kumgusa. Kila upande hupiga mara tisa, yaani awamu tisa, na wachezaji watatu wakitolewa awamu imekwisha. Mrushaji hodari basi ni kama mlinda lango asiyefungika. Labda ndiyo sababu nilimpenda Sawamura haraka.

Eiji Sawamura alizaliwa tarehe 1 Februari 1917 katika mji wa Ujiyamada, mkoa wa Mie, nchini Japani. Siku hizi mji huo unaitwa Ise. Baba yake alikuwa na duka la mboga na matunda. Nilipofika hapo niliinua macho kwenye kitabu nikacheka peke yangu, maana niliona kama nasoma habari za nyumbani kwetu. Alisoma katika shule ya upili ya biashara mjini Kyoto, na huko ndiko mkono wake wa kulia ulikoanza kuvuma. Alikuwa na mtindo wake: kabla ya kuurusha mpira aliuinua mguu wa kushoto juu sana, kisha mwili wote ukashuka pamoja na mpira. Mwaka 1933 na 1934 aliiongoza timu ya shule yake hadi uwanja wa Koshien, karibu na mji wa Osaka, ambako shule bora za nchi nzima hukutana. Mashindano hayo Wajapani huyapenda mno, pengine kupita sisi tunavyoyapenda mashindano yetu ya shule za upili.

Mwaka 1934 mwenye gazeti moja kubwa la Tokyo, Matsutaro Shoriki, aliialika timu ya Wamarekani ije kucheza Japani. Haikuwa timu ya mchezo. Alikuwamo Babe Ruth, mpigaji maarufu kuliko wote duniani wakati huo. Alikuwamo Lou Gehrig, alikuwamo Jimmie Foxx, alikuwamo Charlie Gehringer. Wajapani hawakuwa na ligi ya wachezaji wa kulipwa, hivyo wakaunda timu kwa kuokoteza wachezaji wazuri huku na kule. Mmoja wao alikuwa Sawamura, mwenye umri wa miaka 17, umri ambao mimi nitautimiza mwakani.

Lakini palikuwa na kikwazo. Tangu mwaka 1932 wizara ya elimu ya Japani ilikuwa imewakataza wanafunzi kucheza na wachezaji wa kulipwa. Atakayetaka kukabiliana na Ruth sharti aache shule. Sawamura akaacha. Palikuwa na matumaini kuwa angejiunga na chuo kikuu baadaye, lakini nyumbani pia fedha zilihitajika, na yeye alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza. Nami nikapigia mstari maneno hayo kwenye daftari langu ili nimwonyeshe mama.

Wamarekani walipofika waliwachapa Wajapani kila walipokutana. Sawamura mwenyewe alipojaribu mara ya kwanza alipigwa vibaya. Kisha ikafika tarehe 20 Novemba 1934, katika uwanja wa Kusanagi, mji wa Shizuoka. Hebu fikiria, kijana wa juzi juzi tu shuleni anasimama peke yake katikati ya uwanja, na mbele yake wanapanga foleni mabingwa wa dunia. Akamtoa Gehringer. Akaja Ruth, akamtoa. Akaja Gehrig, akamtoa naye. Akaja Foxx, huyo naye akatoka. Wanne mfululizo! Wote walikuwa wakikata hewa kwa rungu zao. Siku hiyo aliwatoa wapigaji tisa kwa namna hiyo.

Mechi iliendelea bila bao mpaka awamu ya saba. Hapo Gehrig akaupata mpira mmoja, mmoja tu, akaupeleka nje ya uwanja. Ikawa moja kwa bila, na hivyo ndivyo ilivyomalizika. Wajapani walishindwa. Lakini niambieni, ni nani leo anayeizungumzia mechi hiyo kwa sababu ya ushindi wa Wamarekani? Watu humzungumzia yule kijana. Mlinda lango mwenzangu aliyefungwa moja kwa bila akalia kwenye basi njia nzima mpaka nyumbani, habari hii ni yako.

Timu ile haikuvunjwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo ilifanywa klabu ya wachezaji wa kulipwa, na mwaka 1935 ikavuka bahari hadi Marekani, ambako ilicheza zaidi ya mechi 100. Huko ndiko ilikopata jina la Tokyo Giants, yaani Majitu ya Tokyo. Mwaka 1936 klabu saba ziliungana na ligi ya kwanza ya kulipwa ya Japani ikaanza.

Wapinzani wakubwa wa Giants walikuwa Osaka Tigers, chui milia wa Osaka. Ilikuwa Tokyo na Osaka, mji wa wakubwa na mji wa wafanyabiashara, kama Gor Mahia na AFC Leopards zinapokutana hapa kwetu. Tarehe 25 Septemba 1936, Sawamura aliwafungia Tigers kila mlango. Awamu tisa zote hakuna hata mmoja wao aliyeupiga mpira vyema akafika kituo cha kwanza kwa nguvu ya rungu lake. Katika ligi ya Japani jambo hilo halikuwa limetokea kabla ya hapo. Alikuwa na miaka 19. Mwisho wa mwaka timu hizo mbili zikawa sawa kwa alama, zikapambana tena mwezi wa Desemba mara tatu kwa siku tatu katika uwanja wa Susaki, Tokyo, kando ya bahari. Sawamura alirusha katika mechi zote tatu. Giants wakashinda mbili na kutwaa ubingwa. Mnaojua maumivu ya bega mtaelewa kurusha siku tatu mfululizo ni jambo gani.

Sasa tufike kwenye msimu ambao kwangu ndio kilele cha maisha yake, yaani msimu wa masika wa 1937. Wakati huo mwaka ulikuwa na misimu miwili, masika na vuli. Timu zilikuwa zimefika nane na kila moja ilicheza mechi 56. Giants walishinda 41, wakashindwa 13, wakatoka sare 2. Tigers walishinda 41 vile vile, wakashindwa 14, wakatoka sare 1. Mnaona wenyewe, tofauti ni nusu ya mechi! Mechi moja tu ingekwenda kombo, kombe lingesafiri Osaka.

Katika ushindi huo wa mara 41, Sawamura peke yake alirusha na kushinda mara 24. Alishindwa mara 4 tu. Aliwatoa wapigaji 196 kwa mipira waliyoikosa. Wastani wa mabao aliyohesabiwa kwa kila awamu tisa ulikuwa 0.81, maana yake hata bao moja kamili kwa mechi halikufika. Na tarehe 1 Mei aliwafanyia Tigers yale yale ya mwaka uliotangulia, wasipate kitu. Inasimuliwa kwamba Tigers walichoka kuaibishwa, wakawa wanafanya mazoezi huku mrushaji wao akisimama hatua karibu zaidi ili macho yao yazoee kasi ya Sawamura. Msimu ulipokwisha, ligi iliamua kumtuza mchezaji bora kwa mara ya kwanza, na haikuhitaji mkutano mrefu. Sawamura alikuwa na miaka 20.

Hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimeshampata mtu wangu: mtoto wa muuza mboga, ameacha shule, bingwa wa taifa akiwa na miaka 20. Jioni hiyo nilimsimulia mama yote, na chumvi nikaongeza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja. Alitaka kujua alipofika miaka 30 mtu huyo alikuwa wapi. Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijasoma.

Kesho yake nilirudi maktabani, na hii ndiyo sehemu ambayo sikuitaka.

Mwaka 1937 ule ule, mwezi wa Julai, vita kati ya Japani na Uchina vilipamba moto. Vuli ya mwaka huo mkono wa Sawamura ulikuwa umeanza kuchoka, akashinda 9 na kushindwa 6, na safari hii Tigers wakalipa kisasi na kuwa mabingwa. Mwezi wa Januari 1938 aliitwa jeshini. Nchini Japani wakati huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliahirishiwa wito wa jeshi hadi wamalize masomo. Walikuwapo hata wachezaji walioandikishwa vyuoni ili wasichukuliwe. Sawamura alikuwa ameacha shule kabla ya kuimaliza. Hakuwa na darasa la kumkinga. Akavaa sare za askari, akapelekwa Uchina.

Huko jeshini walijua yeye ni nani, wakafurahia kumwona akirusha mabomu ya mkono. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi. Bomu la mkono la jeshi la Japani lilikuwa na gramu 450, karibu mara tatu. Mkono uliomtoa Babe Ruth ukageuzwa kuwa wa kurusha vyuma. Alirusha tena na tena mpaka bega likaharibika. Vitani alijeruhiwa mkono wa kushoto, na malaria ikamwandama. Sisi tunaoijua malaria hatuhitaji kuelezwa inavyomwacha mtu.

Alirudi uwanjani mwaka 1940. Bega halikumruhusu tena kurusha kwa kutokea juu kama zamani, hivyo akajifunza kurusha kwa kupitisha mkono ubavuni. Kasi ilikuwa imekwenda. Lakini akili ilibaki, na tarehe 6 Julai 1940 aliwafunga midomo wapigaji wa Nagoya, wasipate hata pigo moja la maana. Ilikuwa mara yake ya tatu. Watu husifu zile mbili za kwanza zaidi, mimi naisifu hii. Kushinda ukiwa na nguvu zako zote si ajabu sana. Kushinda ukiwa umebakiwa na nusu yake, hapo ndipo mtu hujulikana.

Mwaka 1941 alioa, na mwaka huo huo akaitwa jeshini mara ya pili, safari hii akapelekwa Ufilipino. Alipotoka huko, mwaka 1943, mkono ulikuwa umekwisha kabisa. Alirusha akashindwa mara tatu, hakushinda hata mara moja. Mara yake ya mwisho kuonekana katika mechi ya ligi, mwezi wa Oktoba 1943, hakuingia kurusha. Aliingizwa kumpigia mwenzake. Mwaka uliofuata klabu aliyoianzisha pamoja na wenzake ikamwachisha. Alikuwa na miaka 27.

Mwezi wa Oktoba 1944 wito wa tatu ukaja. Aliacha mke na mtoto mchanga wa kike. Tarehe 2 Desemba 1944 meli iliyowabeba askari ilikuwa ikielekea kusini, kupitia bahari iliyo mashariki ya Uchina. Nyambizi ya Marekani ikaipiga kwa makombora, ikazama. Sawamura alizama nayo. Kumbe nchi ile ile iliyomleta Ruth na Gehrig uwanjani Shizuoka, miaka kumi baadaye ndiyo iliyotuma nyambizi ile, na waliokuwa ndani yake hawakumjua wala hawakuwa na njia ya kumjua. Vita havichagui.

Sitaki kudanganya kwa kusema kuwa shule ingemwokoa. Mwaka 1943 serikali ya Japani iliwatoa wanafunzi wengi wa vyuo madarasani na kuwapeleka vitani, na wengi hawakurudi. Huenda angechelewa tu. Lakini angekuwa na miaka mitano ya kurusha mpira badala ya mabomu, na mara nyingi mimi hufikiria ni misimu mingapi kama ule wa 1937 ilizama kabla hata meli haijazama.

Wajapani hawakumsahau. Mwaka 1947 nambari yake, 14, iliondolewa, na mchezaji mwingine wa Giants haruhusiwi kuivaa. Mwaka huo huo ikaanzishwa tuzo yenye jina lake, wapewe warushaji walio bora kuliko wote. Wamarekani walianzisha tuzo yao ya namna hiyo mwaka 1956, miaka tisa baadaye. Tuzo ya Sawamura ina masharti magumu, na ipo miaka ambayo hapana aliyeonekana kuistahili, basi ikakaa bila mwenyewe. Mwaka 1959 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli wa nchi yake. Katika maisha yake yote ya ligi alishinda mara 63 na kushindwa mara 22. Hizo si nyingi. Wapo walioshinda mara 300. Lakini wao walipewa miaka ya kuzishinda.

Nilimpelekea mama jibu la swali lake. Alipopaswa kuwa na miaka 30, Sawamura alikuwa chini ya bahari kwa zaidi ya miaka miwili. Mama hakushangilia kwamba ameshinda. Alisikitika, akaniuliza kama yule mtoto wa kike alipata wa kumlea. Kisha tukala.

Sijaacha mpira. Jumamosi jioni mtanikuta langoni kama kawaida. Ile timu niliwaambia wanisubiri mpaka nimalize kidato cha nne, na kama hawawezi kusubiri, basi watafute mwingine. Nchi yetu haina wito wa jeshi wa lazima, ninalijua hilo, na mimi si Sawamura. Lakini nimeona kwamba kipawa ni kama duka la mboga. Ukikosa kujua bei ya mali yako, atakuja mtu mwingine aipange yeye, aibebe, na akutupie mabua. Ninataka niwe nimesoma kidogo kabla wanunuzi hawajafika.

Walimu wangu, wenzangu, naomba nitue kalamu hapa. Na wewe dada unayecheza raunda pale nyuma ya maabara, ukiinua mguu juu kabla ya kurusha mpira, jua ya kuwa kuna kijana mmoja wa Ise aliyekutangulia.